Namna ya kuizoesha redio ya mtandaoni ikuletee muziki usioujua

Swali la kwanza huwa: "Mbona redio inanipigia nyimbo ninazozijua tayari?" La pili: "Nilianza na rumba, nimefikaje kwenye disko?" La tatu watu huliuliza kwa sauti ya chini kidogo: "Hivi nikibonyeza kile kidole gumba kuna kinachobadilika, au wananichezea tu?" Maswali haya hayaishi, kwa hiyo nimeyajibu yote hapa kwa hatua za kufuata. Ukizifuata kwa majuma mawili matatu, utakuwa na wasanii kadhaa ambao leo huwajui hata kwa jina.

Kwanza tuelewane. Ninaposema redio simaanishi kituo cha FM kinachorushwa pia kwenye intaneti. Namaanisha ile unayoitajia wimbo au msanii mmoja, kisha yenyewe inaendelea kukupangia nyimbo wewe peke yako. Last.fm ya London ilizaliwa mwaka 2002, Pandora ya Marekani ikafungua milango mwaka 2005, na leo Spotify, YouTube Music, Apple Music na Deezer zote zina redio ya aina hiyo ndani yake. Vitufe vinatofautiana majina na mahali vilipo, lakini mwenendo ni mmoja.

Nadharia itatosha aya moja. Mashine hizi hutumia njia mbili kubwa. Ya kwanza inaangalia watu: waliosikiliza wimbo huu wamesikiliza na upi mwingine? Ya pili inauangalia muziki wenyewe: kasi, ala, sauti ya mwimbaji, mpangilio wa mdundo. Pandora ilijenga jina kwa njia hii ya pili, kwa kuwaajiri wanamuziki wasikilize wimbo mmoja mmoja na kuupima kwa sifa zinazofikia 450. Programu nyingi za sasa huchanganya njia zote mbili. Kwako wewe maana yake ni hii: redio haioni moyo wako, inaona vidole vyako. Ulichobonyeza, ulichokiruka, ulichokiacha kiishe na ulichokitafuta kwa jina ndivyo vinavyoipa habari zako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Programu moja. Nasisitiza moja, kwa sababu mshika mbili moja humponyoka: ukigawa masikio yako kwenye programu tatu, kila moja itakufahamu nusunusu. Hakikisha pia inapatikana nchini ulipo. Pandora, kwa mfano, inafanya kazi Marekani tu.

Akaunti yako peke yako. Kama mnatumia akaunti moja nyumba nzima, acha kusoma hapa, kaifungue yako kwanza, halafu urudi. Hakuna hatua hata moja kati ya zinazofuata itakayofaa kwenye akaunti ya watu wanne.

Bando la kutosha. Hesabu yake ni rahisi: chukua kiwango cha ubora wa sauti kwa kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, utapata megabaiti kwa saa. Kiwango cha 96 kinakula kama MB 43 kwa saa, 160 kinakula MB 72, na 320 kinakula MB 144. Kwa kazi ya kutafuta muziki mpya, 96 au 160 inatosha kabisa. Ubora wa juu utauhitaji baadaye, ukishajua unachokipenda. Kama programu yako inaonyesha na video, izime, maana video ndiyo inayomaliza bando.

Spika za masikioni, hata zile za bei ya chini. Spika ndogo ya simu huimeza besi, na muziki mwingi mzuri umejengwa juu ya besi. Utaukataa wimbo usiouonja.

Daftari, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Hii ndiyo watu huipuuza zaidi, nitaieleza mbele.

Hatua za kufuata

1. Safisha historia yako.

Kama akaunti ni mpya, ruka hatua hii. Kama ni ya zamani, ina nyimbo ulizowapigia watoto, sauti za mvua za kukuletea usingizi na kibao kimoja ulichokirudia mara hamsini siku za huzuni. Vyote hivyo mashine inavihesabu kuwa ndiyo ladha yako.

Kwenye Spotify unaweza kufungua menyu ya orodha fulani ya nyimbo na kuiambia isihesabiwe kwenye ladha yako. Orodha za watoto na za usingizi zianze kuondoka hapo. Kwenye YouTube Music ingia kwenye historia, ufute kimoja kimoja au yote. Kumbuka kwamba YouTube Music na YouTube yenyewe zinatumia akaunti moja, kwa hiyo video za muziki unazotazama kule huweza kuathiri unachopewa huku. Kwenye iPhone, mipangilio ya Apple Music ina swichi ya kutumia historia ya usikilizaji: izime wakati wa kupiga nyimbo zisizo zako, kisha uiwashe tena.

Angalizo: usifute kila kitu kwa hasira. Historia ya miaka mitano yenye takataka kidogo ni bora kuliko akaunti tupu. Ng'oa magugu tu.

2. Chagua kianzio kwa makini.

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kutengemaa, kwa hiyo tutulie kidogo.

Kianzio ni ule wimbo au msanii unayeitajia redio ili ianze. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuchagua kibao kilichovuma dunia nzima. Kibao kama hicho kimesikilizwa na kila mtu: mpenda reggae, mpenda jazi, anayesikiliza muziki akiwa saluni tu. Mashine ikiuliza "waliosikiliza hiki wamesikiliza na nini?" jibu ni "kila kitu kingine kilichovuma". Ndiyo maana unafungua redio kwa wimbo mmoja mzuri na unaishia kwenye orodha ya nyimbo maarufu za mwaka.

Chagua wimbo wa katikati. Msanii awe anajulikana, lakini wimbo uwe ule wa ndani ya albamu, ambao mashabiki wake wanaufahamu na wapita njia hawaufahamu. Anayeusikiliza huo ameutafuta, na watu wa namna hiyo ndio unaotaka wakuongoze.

Usiende pia upande wa pili kabisa. Wimbo uliopakiwa juzi au uliosikilizwa na watu wachache mno hauna nyayo za kufuata, na redio itabahatisha au itakataa kabisa kufunguka.

Halafu kuna suala la wimbo au msanii. Mimi karibu kila mara nachagua wimbo. Msanii aliyefanya kazi miaka thelathini hana sauti moja. Mtaje Miles Davis peke yake, na mashine haijui kama unataka tarumbeta tulivu ya miaka ya 1950 au zile gitaa na kinanda za umeme za miaka ya 1970. Ni mtu mmoja, lakini mashabiki wa upande mmoja mara nyingi hawautaki upande wa pili. Wimbo hauna utata huo.

3. Fungua stesheni moja kwa kila hali.

Usijenge stesheni moja ya "muziki ninaoupenda". Unaipendea nini jazi ya usiku, na unaipendea nini dansi ya kukuamsha asubuhi? Ni vitu viwili, na ukivitia pamoja redio itakupa wastani wake, ambao haufai usiku wala asubuhi.

Zianze mbili au tatu tu. Zipe majina ya matumizi: "ya kufanyia kazi", "ya kutembea", "gitaa la taratibu". Pale ambapo redio hufunguliwa kutoka kwenye orodha ya nyimbo, kama ilivyo Spotify, tengeneza orodha fupi ya nyimbo kumi hadi kumi na tano za harufu moja, kisha fungua redio kutoka humo. Matokeo huwa bora kuliko ya wimbo mmoja, kwa sababu mashine inaona kitu ambacho nyimbo zote hizo zinashirikiana.

4. Geuza swichi ya ugunduzi, kama ipo.

Wengi hawajui ipo. Pandora ina modi ndani ya kila stesheni: moja huleta nyimbo zinazopendwa na wengi, nyingine huchimba nyimbo za ndani, nyingine ni ya ugunduzi, yaani wasanii ambao kwa kawaida wasingepigwa humo. YouTube Music inakuruhusu kujitengenezea redio kwa kuchagua wasanii hadi 30, kisha kuamua kama unataka nyimbo unazozifahamu, mchanganyiko, au mpya kwako.

Wasanii 30 ni wengi mno kwa mwanzo. Chagua watatu au wanne wanaokaribiana, kisha weka swichi upande wa nyimbo mpya. Kama programu yako haina swichi hii, usijali, hatua ya saba itafanya kazi hiyo kwa mkono.

5. Saa ya kwanza, sikiliza. Vidole viache vipumzike.

Ukishafungua stesheni, iache ipige angalau nyimbo kumi bila kuigusa sana. Wageni wa redio hizi huruka nyimbo kama wanaopekua mashati sokoni, sekunde tano kwa kila moja. Sekunde tano hazitoshi kujua chochote. Kuna muziki ambao utangulizi wake peke yake unamaliza dakika mbili kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Nusu dakika ina uzito wake katika mifumo hii. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Last.fm ni wagumu zaidi: wimbo lazima uzidi sekunde 30, na uwe umepigwa hadi nusu yake au dakika nne, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo jiwekee kanuni: chini ya nusu dakika usiruke, isipokuwa wimbo unakukera waziwazi.

Kuna wanaolalamika kwamba toleo la bure linawawekea kikomo cha kuruka. Pandora ilijulikana kwa kikomo cha mara sita kwa saa katika kila stesheni. Huo si uchoyo wa programu peke yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki za kidijitali inaipa redio ya mtandaoni leseni ya jumla kwa sharti kwamba msikilizaji asijichagulie wimbo anaoutaka. Hata mpangilio wa nyimbo umewekewa mipaka: ndani ya saa tatu, zisizidi nyimbo nne za msanii mmoja, wala tatu za albamu moja. Ukiruhusiwa kuruka bila kikomo, umeshajichagulia. Kwa maoni yangu kikomo hicho kimewasaidia wasikilizaji kuliko wanavyokiri. Kimewalazimisha kuvumilia nyimbo ambazo baadaye walizipenda.

6. Jifunze maana ya kila kidole.

Kidole cha juu kina maana moja tu kwa mashine: "niletee zaidi za namna hii, hapa." Hakina maana ya "wimbo huu naujua" wala "msanii huyu namheshimu". Watu hubonyeza kwa furaha ya kuutambua wimbo, na kila wanapobonyeza wanaiambia redio irudi nyuma, kwenye nyimbo wanazozijua. Baada ya mwezi stesheni imekuwa kioo. Hili ndilo jibu la lile swali la kwanza.

Kwa hiyo: wimbo unaoujua tayari, hata ukiupenda kufa, uache upite kimya. Kidole cha juu kiweke akiba kwa wimbo usioujua ambao umekufanya uitazame simu kuona ni wa nani.

Kidole cha chini nacho si tusi kwa msanii. Kina maana ya "si hapa". Wimbo mzuri wa dansi ukiingia kwenye stesheni yako ya gitaa la taratibu, bonyeza chini bila huruma. Pandora, kwa mfano, itauondoa kwenye stesheni hiyo na kuuacha huru kwingine. Pale ambapo programu haina kidole cha chini, fungua menyu ya nukta tatu pembeni mwa wimbo. Mara nyingi kuna kitufe cha kuuficha au cha kusema upendekezwe kwa nadra.

Na wimbo unaoupenda lakini umekuchosha? Usiubonyeze chini. Tafuta chaguo la kuupumzisha kwa muda, au uuruke tu. Ukiubonyeza chini utaifukuza na jamaa yake yote.

7. Andika, kisha utafute kwa mkono.

Redio ni mkondo. Wimbo uliokugusa saa nne utakuwa umeusahau jina saa tano, na kubonyeza moyo hakutoshi, kwa sababu orodha ya mioyo inakuwa ndefu hadi hakuna anayeirudia. Andika vitu vitatu: msanii, wimbo, na neno moja la kilichokuvuta. "Besi." "Sauti ya pili." "Ngoma inachelewa kidogo."

Hilo neno moja ndilo litakalokuongoza, kwa sababu mara nyingi kilichokuvuta ni mtu asiyeandikwa kwenye jalada. Tuseme umepewa wimbo wa Fela Kuti wa miaka ya 1970 na umeandika "ngoma". Aliyekuvuta basi ni Tony Allen, mpiga dramu wake wa miaka hiyo. Ukimtafuta Allen kwa jina utakuta albamu zake mwenyewe, na zaidi ya hapo utamkuta kwenye kundi la The Good, the Bad & the Queen pamoja na Damon Albarn wa Blur na Paul Simonon aliyepiga besi The Clash. Umetoka Lagos hadi roki ya Uingereza kwa kumfuata mtu mmoja mwenye vijiti viwili. Hakuna redio ninayoijua ambayo ingekupitisha njia hiyo yenyewe.

Spotify huonyesha waliohusika na wimbo kwenye menyu ya nukta tatu: watunzi, waimbaji, maprodyuza. Ifungue. Kwa wimbo wa zamani taarifa hizo huwa pungufu, basi tafuta jina la albamu kwenye intaneti. Orodha za wapigaji kwa kawaida zipo.

Ukishampata mtu wako, sikiliza albamu moja nzima kwa mpangilio wake. Kumtafuta msanii kwa jina na kumsikiliza dakika arobaini mfululizo, ninavyoona mimi, kunazinoa stesheni zako kuliko vidole ishirini.

Kama unabadilisha vifaa au programu mara kwa mara, fungua pia akaunti ya Last.fm au ya ListenBrainz. Zote mbili huandikisha unachokisikiliza kutoka programu mbalimbali na kukiweka mahali pamoja, na zinakuonyesha wasanii wanaokaribiana. Last.fm ilifunga redio yake ya kulipia mwaka 2014, lakini kazi ya kuandikisha inaendelea. ListenBrainz ni ya shirika lisilotafuta faida, na data yake iko wazi.

8. Hama kianzio.

Kila baada ya wiki moja, chukua wimbo mmoja kutoka kwenye daftari, ule wa ajabu zaidi kati ya ulizozipenda, na uufungulie stesheni mpya. Usiuongeze kwenye stesheni ya zamani. Mpya.

Baada ya kuhama mara tatu hivi utakuwa mbali sana na ulipoanzia, na kila hatua ulichagua wewe. Stesheni moja hata ikizoeshwa vizuri huzunguka kiwanja kile kile, kwa sababu kianzio chake hakibadiliki. Anayebaki na stesheni moja mwaka mzima kisha akasema redio hizi hazina jipya, hajahama hata mara moja.

9. Orodha za kila wiki zisikupite.

Spotify hutoa orodha ya nyimbo 30 kila Jumatatu kwa kila msikilizaji tangu mwaka 2015, na nyingine ya nyimbo zilizotoka karibuni kila Ijumaa. Ya Jumatatu hufutwa ikija mpya, kwa hiyo ulichokipenda kihifadhi kabla ya Jumapili kuisha. Deezer ina mkondo wake usio na mwisho unaoitwa Flow. Sina mengi ya kusema juu ya hizi. Zinategemea historia yako, na kama ulifanya hatua ya kwanza vizuri zitakuwa nzuri.

10. Mara moja moja, toka kwenye mashine.

Mashine inakupeleka kwa waliosikilizwa na watu kama wewe. Kuna muziki ambao watu kama wewe hawajaufikia. Kwa huo unahitaji binadamu mwenye masikio yake. SomaFM ya San Francisco inarusha tangu mwaka 2000 bila matangazo ya biashara, ikiwa na chaneli nyingi zinazopangwa na watu. Radio Paradise nayo ni ya umri huo huo, na nyimbo zake huchaguliwa na watu. Radio Garden inakupa tufe la dunia, unagusa nukta na kusikia kituo kinachorusha kutoka mji huo muda huo huo. Hizi hazikufahamu wala hazijali unapenda nini, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Ukisikia kitu, kiandike, kisha ukifanye kianzio kwenye programu yako. Unarudi hatua ya pili ukiwa na kitu ambacho mashine isingekupa.

Mambo yakikwama

*Inarudia nyimbo zile zile.* Ama umebonyeza vidole vya juu kwa nyimbo unazozijua, ama stesheni imezeeka. Fungua orodha ya vidole vyako kwenye stesheni hiyo, kama programu inaionyesha, na uvifute vile vya nyimbo za zamani. Isipobadilika baada ya siku chache, ifute stesheni yote na uanze nyingine kwa kianzio tofauti. Stesheni si mali ya urithi.

*Imepotoka ghafla.* Jiulize nani alitumia simu yako. Mara nyingi ni sherehe, safari ya gari au mtoto. Futa saa hizo kwenye historia. Siku nyingine ukijua simu itashikwa na wengine, washa kikao cha faragha kama programu yako inacho. Spotify inacho, ila hujizima chenyewe baada ya muda, kwa hiyo kikague.

*Muziki unasimama skrini ikizimika.* Kuna sababu mbili. Toleo la bure la YouTube Music kwenye simu, katika nchi nyingi, halipigi skrini ikiwa imezimwa. Kama programu yako si hiyo, tazama mipangilio ya betri: simu nyingi huzifunga programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa chaji. Iruhusu programu ya muziki isiguswe.

*Sauti inakatikakatika.* Shusha ubora hadi 96 au chini ya hapo. Mipangilio mingi ina ubora wa "otomatiki", ambao hupanda na kushuka kila mtandao unapoyumba; chagua kiwango kimoja mwenyewe.

*Wimbo ulikuwepo jana, leo haupo.* Haki za kupiga muziki hutolewa kwa nchi na kwa muda. Mkataba ukiisha, wimbo huondoka, au hubaki kwenye orodha ukiwa wa kijivu na haubonyezeki. Tafuta toleo jingine la wimbo huo huo, kwenye mkusanyiko au albamu iliyotolewa upya. Mara nyingi lipo.

*Muziki wa lugha yangu au wa zamani hauletwi kabisa.* Hili ni tatizo la kweli na kosa si lako. Wimbo wenye wasikilizaji wachache kwenye programu hauna nyayo, na jina la msanii likiwa limeandikwa kwa namna tatu tofauti, mashine inaona watu watatu wasiojuana. Usianze na wimbo mmoja hapo. Tafuta orodha iliyotengenezwa na msikilizaji mwingine yenye nyimbo ishirini za aina hiyo, isikilize, chuja, kisha fungua redio kutoka kwenye orodha yako mwenyewe. Jaribu pia kutafuta kwa jina la kampuni iliyorekodi au bendi badala ya mwimbaji, na tahajia zote unazozifikiria.

*Naletewa wasanii wasio na picha, maelezo wala albamu ya kueleweka.* Huenda ni muziki uliotengenezwa na kompyuta ili kujaza orodha. Deezer ilianza mwaka 2025 kuweka alama kwenye albamu za namna hiyo. Kwingine itabidi ujikagulie. Fungua ukurasa wa msanii: ukikuta nyimbo nyingi zilizotolewa ndani ya muda mfupi mno, bila jina la mtu yeyote aliyepiga ala yoyote, mbonyeze chini. Hutokea zaidi kwenye stesheni za kulala, kusoma na kufanyia kazi, kwa sababu huko hakuna anayetazama skrini.

*Nimefuata yote, wiki mbili zimepita, daftari lina majina mawili tu.* Kagua kianzio chako. Kama bado ni kibao kilichovuma, rudi hatua ya pili. Kama sivyo, basi majina mawili kwa wiki mbili ni kasi ya kawaida. Sikiliza albamu za hao wawili na uhame.